ZAWADI YA MSAFIRI NA JINA LA CHAMA

Wanachama wengi wangali wanakumbuka yaliyotokea gatini Mkoani mwisho wa msimu wa mwaka juzi. Wachumaji wetu walikuwa wamemaliza kazi, wamelipwa pishi zao, nao wakingoja meli ya kurudi Unguja. Kila mmoja alikuwa amepewa mkoba, zawadi ya kuagana, umeandikwa jina la Chama kwa herufi kubwa za kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Mchumaji mmoja, mtu mzima aliyechuma katika mashamba yetu miaka mingi, alipokuwa akipanda ngazi ya meli ukanda wa mkoba wake ukakatika. Mkoba ukaanguka majini pamoja na nguo zake, na doti mbili za khanga alizomnunulia mkewe. Vijana wa gatini wakauopoa. Khanga zilikuwa zimerowa maji ya chumvi na mafuta ya meli, na mshono wa mkoba ulikuwa umefumuka wote. Yeye hakusema neno. Alifunga vitu vyake katika shuka, akauacha mkoba pale gatini, jina letu likitazama juu, na kila abiria aliyepita akalisoma.

Mwaka jana mzee yule hakuja kwetu. Tulisikia anachuma kwa watu wengine. Hatuwezi kusema kuwa ni kwa sababu ya mkoba tu, lakini wala hatuwezi kusema kuwa mkoba haukuwamo.

Twaieleza khabari hii si kwa kumlaumu mtu. Mfanya biashara aliyetuuzia mikoba ile alituuzia tulichokitaka, nasi tulitaka kitu cha bei ya chini. Lawama ni yetu. Lakini Kamati sasa inatayarisha zawadi za mwisho wa msimu huu, kwa wachumaji, kwa watumishi wetu, na kwa wageni wanaokuja kununua viungo vyetu. Fedha zitakazotumika ni za wanachama, na jina litakaloandikwa ni la wanachama. Basi ni haki ya kila mwenye shamba kuyajua yanayofikiriwa, na kutoa shauri lake kabla ya fedha kutoka.

JINA JUU YA GUNIA

Sisi wakulima wa karafuu twaijua maana ya alama kuliko watu wengi. Gunia likitiwa alama ya mwenyewe, na ndani mkawa karafuu zilizokauka vyema, zina rangi nzuri na vichwa vyake, alama ile huwa sifa. Gunia hilo hilo likiwa na karafuu zenye unyevu, makonyo na taka, alama ile huwa ushahidi juu ya mwenyewe. Alama haizifanyi karafuu kuwa nzuri. Kazi yake ni kusema zimetoka kwa nani.

Zawadi yenye jina ni kama gunia lile. Ikiwa njema, jina letu hutembea nayo na kusifiwa katika meli, katika gari na katika nyumba za watu ambako sisi wenyewe hatutafika. Ikiwa mbovu, tumelipa fedha zetu ili tujitangazie aibu. Kitu kibovu kisicho na jina huvunjika kikatupwa, na hakuna aulizaye kilitoka wapi.

Mfano mzuri tunao katika pwani yetu wenyewe. Wanawake wetu wazijua khanga zenye maandishi "K.H.E. Mali ya Abdulla". Hiyo ilikuwa alama ya Kaderdina Hajee Essak, mfanya biashara wa Mombasa, ambaye watu walimwita Abdulla. Alama hiyo haikuwekwa katikati ya nguo ikaharibu mji wake, bali iliandikwa kwa herufi ndogo, chini. Mwanamke alinunua khanga kwa uzuri wake na kwa jina lake la fumbo, naye aliposafiri nayo aliichukua alama ya Abdulla bila ya kuona kuwa anamtangazia mtu biashara yake.

Mfano wa pili watoka mbali, lakini ni wa safari khasa. Kampuni ya ndege ya Marekani iitwayo Pan American ilikuwa ikiwapa abiria wake mifuko midogo ya kutia begani, ya rangi ya buluu, yenye alama ya kampuni. Mifuko ile ilifaa kwa kutia vitu vya njiani, na watu waliendelea kuitumia baada ya kushuka katika ndege. Kampuni yenyewe ilikufa Desemba 1991, na hata leo wako watu wanaoitafuta mifuko ya namna ile na kuinunua. Jina limeishi kuliko mwenyewe, kwa sababu liliandikwa juu ya kitu chenye kazi.

KWANZA TUULIZE ANAKWENDA WAPI

Kosa letu la mwaka juzi halikuwa la mshono tu. Tuliagiza kitu kimoja kwa watu wote, mchumaji, karani na mgeni wa Ulaya, wala hatukuuliza kila mmoja anasafiri vipi. Zawadi ya safari huchaguliwa kwa kuitazama njia ya msafiri.

Tuanze na wachumaji, maana bila ya wao karafuu hubaki juu ya mti zikafunguka maua, na karafuu iliyokwisha kuchanua si karafuu tena. Mchumaji huja na furushi na huondoka na vitu zaidi, nguo za watoto, vyombo, na pengine gunia la muhogo. Hupanda gari la shamba, kisha meli, kisha gari jingine, na pote hapo mzigo wake hutupwa juu na kushushwa kwa nguvu. Huyo anafaa mkoba wa turubai nene, wenye mikanda mipana iliyoshonwa mpaka chini ya mkoba na kuuzunguka, siyo iliyobandikwa pembeni kwa mshono mmoja. Usiwe na mifuko mingi ya nje, maana hiyo hunasa na kuchanika. Uwe na kifuniko kinachozuia mvua, na mfuko mdogo wa ndani wa kutia simu na fedha.

Wanawake wanaochuma na kuchambua hawakupewa kitu mwaka juzi ila mkoba ule ule. Twaona khanga ingefaa zaidi. Katika safari khanga ni nguo, ni shuka ya kujifunika usiku melini, ni mbeleko ya mtoto, na ni kitambaa cha kufungia furushi. Lakini hapa twatoa tahadhari. Jina la khanga husomwa, na kila asomaye hutafuta limemlenga nani. Wanaume wa Kamati wasikae peke yao wakachagua maneno ambayo mwanamke hawezi kuyavaa mbele ya mke mwenza wala mbele ya mkwewe. Maneno yachaguliwe na wanawake watakaoivaa, na alama ya Chama iwe ndogo pindoni, kama alivyofanya Abdulla.

Mtu asifikiri kuwa mfuko wa plastiki wenye jina letu utatosha kwa kuwa ni rahisi. Zanzibar iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, Kenya ikafanya hivyo tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mchumaji wetu akishuka Tanga au Mombasa na mfuko kama huo, tutakuwa tumempa zawadi ya kumtia matatani.

WATUMISHI WA CHAMA

Makarani, madereva na walinzi wa ghala husafiri safari fupi za mara kwa mara. Huenda Wete, Chake Chake na Mkoani, na wengine huvuka kwenda Unguja kwa kazi zetu. Mara nyingi huchukua karatasi za hesabu, na mvua za masika hazimngoji karani afike ofisini. Kwao twaona vitu vitatu vyafaa. Cha kwanza ni mwavuli wenye mbavu za nguvu, maana ule wa mbavu nyembamba hupinduliwa na upepo wa kwanza. Cha pili ni mkoba wa karatasi usiopenya maji. Cha tatu ni chupa ya maji ya chuma isiyoshika kutu, yenye mdomo mpana, ili mtu aweze kutia mkono au brashi akaiosha vyema. Chupa ya mdomo mwembamba hunuka baada ya mwezi mmoja ikatupwa.

Vijana wetu wa ofisini wametaja pawabenki, yaani betri ya kuchajia simu njiani. Ni kitu chenye manufaa, lakini yataka uangalifu. Katika ndege betri hizi haziruhusiwi kutiwa katika mizigo inayokwenda chini. Lazima msafiri awe nayo mkononi, na kipimo kinachoruhusiwa bila ya kuomba idhini ya kampuni ya ndege ni kisichozidi wati-saa 100. Betri iliyoandikwa 20,000 mAh, kwa volti 3.7, ni wati-saa 74, basi hiyo hupita. Ile isiyoandikwa kipimo chake waziwazi tusiinunue hata tukipunguziwa bei, maana yaweza kuzuiwa uwanjani. Tena betri mbovu huweza kushika moto, na moto wenye jina letu juu yake hatuutaki.

WAGENI WANAONUNUA

Karafuu zetu tunaziuza kwa Shirika la ZSTC, lakini pilipili manga, mdalasini na viungo vingine vina wanunuzi wao, na wako wageni wanaokuja kutembea mashambani wakanunua sabuni na mafuta. Watu hawa wengi husafiri kwa ndege, na mgeni wa ndege ana adui wawili, uzito na ukaguzi.

Kwa hiyo zawadi yake iwe nyepesi, na iweze kupita. Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vya ndege vimekataza mtu kuchukua mkononi chombo cha maji au mafuta chenye zaidi ya mililita 100. Mgeni tuliyempa chupa ya nusu lita ya mafuta ya karafuu, naye hana mzigo wa chini, ataiacha mezani kwa mkaguzi. Chupa ya mililita 10 yatosha, tena hupendeza. Iwe ya kioo cheusi, maana mafuta ya karafuu hula plastiki za namna fulani, yakavuja na kuziharibu nguo za mgeni. Juu yake yaandikwe maneno ya kuonya kuwa yasipakwe mwilini bila ya kuchanganywa na mafuta mengine, kwani huchoma ngozi, na yawekwe mbali na watoto.

Karafuu kavu za kutia chaini ni zawadi nzuri, katika mkebe mdogo unaofunga vyema. Lakini mgeni aambiwe kuwa nchi nyingine hutaka kila kitu kitokacho katika mimea kitajwe mbele ya maofisa wa mpakani. Australia na New Zealand ni kali sana katika jambo hili. Kikaratasi kimoja ndani ya mkebe, chenye kueleza ni kitu gani na kimetoka wapi, kitamsaidia sana. Visu vya kukatia mdalasini, ijapokuwa ni vizuri, tusiwape watu wa ndege, maana watanyang'anywa wasipovitia katika mzigo wa chini.

Na vitu hivi vidogo vitiwe ndani ya nini? Hapa twasema bila ya kusita, mkoba wa ukili. Ni mwepesi, hukunjwa, na mgeni hautii kabatini bali huuchukua sokoni kwao. Mafundi wa ukili wako vijijini mwetu, na fedha tutakayowalipa itabaki katika nyumba zetu wenyewe. Alama ya Chama isipigwe rangi juu ya ukili, maana hutoka. Ishonwe kwa kitambaa kidogo ndani ya ukingo, au iandikwe kwa moto juu ya kibao cha mnazi kilichofungwa mkononi mwa mkoba. Kibao hicho kikiwa na upande mmoja mtupu, mgeni ataandika jina lake na kukifunga katika sanduku lake la safari.

UKUBWA WA JINA

Wako wanachama waliotuambia kwamba jina likiwa dogo, fedha imepotea bure. Twaomba ruhusa kutofautiana nao. Mtu hapendi kugeuzwa ubao wa matangazo. Akipewa mkoba wenye jina kubwa, huutumia siku ya kwanza kwa heshima ya aliyempa, kisha huutia viazi. Akipewa mzuri wenye alama ndogo, huutumia miaka, na watu humwuliza ameupata wapi. Hapo ndipo jina letu linapotajwa, tena kwa kinywa chake mwenyewe.

Tena ziko mahali ambapo jina halifai kabisa. Yuko aliyeshauri tutoe misala midogo ya kukunja kwa wasafiri. Shauri ni jema, maana msafiri huikuta Sala njiani. Lakini alama ya biashara isiwekwe juu ya msala, mahali pa kusujudia. Iwekwe juu ya kifuko cha kuutilia. Wala mwaka usiandikwe katika zawadi yoyote, kwa kuwa kitu chenye mwaka huonekana cha zamani mwaka wa pili, ijapokuwa kingali kizima.

HESABU YA MAMBO

Tuchukue mfano. Mkoba wa shilingi 6,000 ukakatika safari ya kwanza, safari ile moja imetugharimu shilingi 6,000, na juu yake aibu. Mkoba wa shilingi 24,000 ukadumu miaka mitano, na mwenyewe akasafiri nao mara sita kila mwaka, hizo ni safari 30, na kila safari imetugharimu shilingi 800. Wazee wamesema rahisi ni ghali, nasi tumelilipia somo hilo.

Najua, atasema mwanachama mmoja, lakini fedha haitoshi kwa wote. Ni kweli. Basi heri tutoe kitu kidogo kilicho kizima kuliko kikubwa kilicho kibovu. Kamba nzuri ya kufungia mzigo, ya kipimo cha kutosha, yenye kibao cha alama yetu, haina bei kubwa, na kila mchumaji ataitumia mpaka nyumbani kwake. Na zawadi yoyote, iwe ndogo iwe kubwa, haichukui mahali pa malipo. Mchumaji aliyepunjwa pishi zake hapozwi kwa mkoba.

Kabla ya kuagiza, tuombe kimoja cha mfano na tukijaribu kama tunavyojaribu kamba kabla ya kupanda mti. Mkoba utiwe mchele kilo 15, utundikwe usiku kucha, na asubuhi utazamwe mishono. Urushwe chini mara kumi kama wanavyorusha wapakizi. Umwagiwe maji, kisha ndani mpapaswe kwa mkono. Alama isuguliwe kwa sabuni na maji ya moto. Zipu ifunguliwe na kufungwa mara mia, na mtoto wa ofisi aweza kuifanya kazi hiyo huku akisikiliza redio. Kisichoshinda majaribio hayo kirudishwe kwa mwenyewe, na mapatano yaandikwe kuwa vitakavyoletwa viwe sawa na cha mfano.

WAKATI WA KUTOA

Jambo la mwisho ni zito. Zawadi ikitolewa wakati usio wake hugeuka jina. Mtu anayepima karafuu zetu kituoni na kuamua daraja lake hapewi mkoba, hapewi khanga, hapewi chochote, wala kabla ya mizani wala baada yake. Hata tukiwa na nia safi, mkulima aliyesimama nyuma yetu katika safu hataiona nia, ataona mkoba. Kwa mnunuzi wa viungo, zawadi itolewe baada ya biashara kwisha na fedha kulipwa, mbele ya watu, na iandikwe katika daftari la Chama. Na wachumaji wapewe wote sawa, mwanamume na mwanamke, wa Unguja na wa hapa, kwa mkono, kwa jina la mtu, pamoja na neno la shukrani. Mwaka juzi tuliimwaga mikoba katika rundo gatini, kila mtu akajichukulia. Hilo nalo tusilirudie.

Basi ndugu wanachama, hayo ndiyo yaliyo mbele ya Kamati. Mwenye kumjua fundi hodari wa turubai au wa ukili na amlete. Wanawake wa Chama wanaombwa wakutane wachague maneno ya khanga, wayalete ofisini kabla ya mkutano mkuu. Asiyekubaliana nasi na atuandikie, nasi tutaipiga chapa barua yake katika toleo lijalo.

Mkoba wa kwanza wa mfano umekwisha letwa. Tangu juzi umetundikwa katika mkarafuu ulio nyuma ya ofisi, na mchele kilo 15 ndani yake. Kila mwanachama apitaye anakaribishwa kuuvuta kwa nguvu zake zote. Ukiwa mzima mpaka siku ya mkutano, na mkutano ukiukubali, wa kwanza utakaoshonwa tumekwisha azimia utakwenda kwa nani. Tutampelekea nyumbani kwake kwa mkono wa mjumbe, pamoja na doti mbili za khanga, na neno la kuomba radhi.